Kutoka kwenye penseli hadi kwenye kioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo wachoraji wa karatasi huuliza wanapoanza kukamilishia kazi zao kwenye simu au kompyuta. Wengi wao ni wachora katuni, wanaochorea vitabu vya watoto, wabunifu wa tisheti na kanga, na wanafunzi wenye madaftari yaliyojaa vichwa vya watu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo ndani ya programu, maana ndivyo utakavyoyakuta.

## Kabla ya kuwasha chochote

1. Kwa nini nianzie kwenye karatasi wakati naweza kuchora moja kwa moja kwenye simu?

Hulazimiki. Wapo wanaoanza na kumalizia kwenye kioo na kazi zao ni safi. Ila kwenye karatasi unaona mchoro mzima muda wote, mkono unatembea kuanzia begani, na hakuna kitufe cha kurudisha nyuma, kwa hiyo unalazimika kuamua. Anayechora kwenye simu huvuta picha karibu, anahangaika na jicho moja mpaka linapendeza, halafu akiirudisha picha mbali anakuta kichwa kimezidi mabega. Kwenye karatasi kosa hilo hulioni mwishoni, unaliona mapema. Na umeme ukikatika, daftari halijali.

2. Nina simu tu, sina kompyuta. Inatosha?

Inatosha kwa katuni, mabango ya mtandaoni na picha za kitabu za ukubwa wa A5, hata A4. ibisPaint na MediBang Paint zinafanya kazi kwenye Android na iPhone, zina toleo la bure, na zina karibu kila kitu kinachotajwa hapa chini. Simu inakubana sehemu mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu: kanvasi (eneo la kuchorea) ikiwa kubwa, leya unazoruhusiwa zinapungua (leya ni nini, swali la 11; kukwama, swali la 23). Ya pili ni kwamba kidole kinaziba palepale unapochora. Hiyo ya pili unaizoea, au unaisoma zaidi kwenye swali la 4.

3. Programu ipi ni bora?

Kwa mchoraji mwenye kompyuta, Krita. Ni programu huria, hailipiwi, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochora. GIMP nayo ni ya bure, lakini nguvu yake iko kwenye kusafisha picha kuliko kuchora. Inkscape ni ya kazi za vekta kama nembo na maandishi (swali la 14). Procreate ni nzuri sana, inalipiwa mara moja tu, lakini ni ya iPad. Photoshop na Clip Studio Paint zinafaa ukiwa na uwezo wa kuzilipia.

Matoleo ya wizi yanayouzwa kwenye flashi achana nayo. Mara nyingi huja na virusi, na siku mteja anapokutaka uongezee kitu kwenye faili, programu imegoma kufunguka. Chagua moja ya bure, uijue mpaka mkono uende wenyewe kwenye vitufe, ndipo ufikirie nyingine.

4. Lazima ninunue kalamu au pedi ya kuchorea?

Kwa kuanza, hapana. Ukitaka kununua, jua kwanza unanunua nini. Zile kalamu za bei ndogo zenye ncha ya mpira hazihisi mkandamizo. Kwa simu yako ni kidole kingine tu, kilichochongoka kidogo. Kalamu zinazohisi mkandamizo, yaani ukibonyeza mstari unanenepa na ukilegeza unakonda, ni zile zilizotengenezwa pamoja na kifaa chake, kama S Pen ya Samsung au Apple Pencil ya iPad. (Si kila Apple Pencil ina mkandamizo, uliza kabla ya kulipa.)

Kwa mwenye kompyuta, pedi isiyo na kioo ya Wacom, Huion au XP-Pen ndiyo inayolipa zaidi kwa bei yake. Mkono unachora mezani, macho yako kwenye kioo. Siku za mwanzo utahisi unaandika kwa mkono wa kushoto, baadaye inapita. Ukinunua iliyotumika, usikubali kujaribu kwa kusogeza mshale tu. Fungua programu ya kuchora palepale dukani, vuta mstari mmoja ukianza kwa kuugusa na kumalizia kwa kubonyeza. Kama unene haubadiliki, ama programu endeshi haijawekwa ama kalamu imekufa, na kalamu peke yake ni ghali.

5. Mchoro wa penseli uwe umekamilika kiasi gani?

Uwe umeamua kila kitu chenye umbo: mkao, mikono, macho yanatazama wapi, kiti kimekaa sakafuni au kinaelea. Vivuli na michoro ya vitambaa vinaweza kusubiri. Watu wengi huacha vidole vikiwa ukungu wakidhani programu itasaidia, kumbe programu haijui mkono umeshika nini.

Tumia HB au 2B. Penseli laini zaidi ya hapo hupaka karatasi nzima majivu kila unapoegemeza kiganja. Karatasi nyeupe ya fotokopi inatosha.

## Kuingiza mchoro

6. Nipige picha au niskani?

Ukiwa karibu na steshenari yenye skana ya kulaza karatasi, skani. Inatoa picha iliyonyooka, mwanga sawa kila kona, na gharama yake ni ndogo. Lakini usimwachie mhudumu aamue. Mwambie unataka DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi (au 600 kama mchoro ni mdogo kuliko A5), kwa rangi au kijivu, si nyeusi na nyeupe tupu, na faili iwe PNG au TIFF. Ukikaa kimya utapewa PDF iliyobanwa, maana ndivyo wanavyoskani vyeti.

Programu za simu za kuskani nyaraka zinafaa kwa mchoro wa wino mweusi tu. Zimetengenezwa kusafisha karatasi ili maandishi yasomeke, kwa hiyo zinafuta kivuli chepesi cha penseli zikidhani ni uchafu.

7. Nikipiga kwa simu, nifanyeje isitoke na kivuli wala kupinda?

Zima flashi. Toka nje ukae kivulini, barazani kwa mfano, asubuhi au mchana wa mawingu. Bandika karatasi ukutani kwa utepe wa karatasi (masking tape) badala ya kuiweka sakafuni, kwa sababu ukiinama juu yake, kivuli cha kichwa chako na simu vinaingia kwenye picha. Mwanga utoke ubavuni: penseli inang'aa, na mwanga ukitoka usoni mistari mizito inageuka myeupe. Angalia pia ukuta wa jirani. Ukuta uliopakwa buluu au kijani unarusha rangi yake kwenye karatasi, nawe utashangaa kwa nini upande mmoja una ukijani.

Simu iwe sambamba na karatasi. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, ulinganishe kingo za karatasi na mistari hiyo. Usisogee karibu mno, maana lenzi ya simu hutunisha kingo. Rudi nyuma kidogo, karatasi ijaze fremu na kubakiza upenyo mdogo pembeni. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na karatasi ya A4 ikijaza fremu hiyo unapata zaidi ya DPI 300. Kwa hiyo tatizo la picha mbaya mara nyingi ni mwanga, wala si simu.

8. Kanvasi iwe na ukubwa gani?

Jiulize kazi itachapwa wapi, kwa ukubwa gani, kisha utumie DPI 300. A4 inakuwa pikseli 2480 kwa 3508, na A3 ni 3508 kwa 4961. Kama ni ya mtandaoni tu, nusu ya hapo inatosha, lakini mteja aliyeomba ya mtandaoni leo ndiye atakayetaka bango kesho. Kupunguza ukubwa baadaye ni rahisi. Kuongeza kunaleta ukungu.

9. Nilijitumia mchoro kwa WhatsApp, ukafika umeharibika. Kwa nini?

WhatsApp hubana picha ili zisile bando. Tuma kama dokumenti badala ya picha, hapo faili inafika kama ilivyo. Au tumia waya, flashi, Bluetooth.

10. Karatasi imetoka ya kijivu. Naiondoaje nibaki na mistari tu?

Tafuta marekebisho yanayoitwa Levels. Utaona mshale mweupe na mshale mweusi. Sogeza mweupe kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe, kisha mweusi kuelekea kulia mpaka mistari ikolee. Simama pale mistari myembamba inapoanza kukatika, urudi hatua moja. Baada ya hapo weka leya hiyo kwenye hali ya Multiply: cheupe chote kinatoweka, na rangi utakazopaka kwenye leya ya chini zinaonekana kupitia. ibisPaint inarahisisha zaidi. Ukiingiza picha, inakuuliza kama unataka itoe mistari, nawe unakubali.

Wanaochora rasimu kwa penseli ya buluu halafu wino juu yake huuliza kama inawezekana kufuta buluu peke yake. Inawezekana, mradi uliskani kwa rangi. Kwenye GIMP nenda Colors, kisha Components, kisha Extract Component, uchague RGB Blue. Buluu nyepesi inageuka karibu nyeupe na wino unabaki mweusi. Malizia kwa Levels. Kama penseli ilikuwa nyekundu, chagua RGB Red. Mbinu hiyohiyo inafifisha mistari ya buluu ya daftari la shule.

## Kupiga wino

11. Leya ni nini, na nizipangeje?

Ni kama nailoni safi zilizolazwa moja juu ya nyingine: unachora juu ya moja bila kuigusa ya chini. Mpangilio unaotosha kazi nyingi, kuanzia chini: mandhari ya nyuma, rangi, vivuli, wino, na penseli juu kabisa ikiwa imepunguzwa ukolezi hadi asilimia 20 au 30. Ukimaliza wino, ifiche penseli lakini usiifute. Zipe leya majina. Baada ya wiki moja hutakumbuka "Layer 14" ilikuwa shati au ng'ombe.

12. Mistari yangu inatetemeka.

Washa kitulizaji, ambacho kwenye programu nyingi huitwa Stabilizer au Smoothing. Kiweke kati, usikipeleke mwisho, la sivyo brashi inaburuta nyuma ya mkono na mistari yote inakuwa na mkunjo mmoja. Kisha chora haraka zaidi. Mkono unaokwenda polepole ndio unaotetemeka. Zungusha kanvasi mpaka mstari uelekee upande ambao mkono wako unapenda kuvuta.

13. Mchoro wa penseli ulikuwa na uhai. Nimemaliza wino, umekufa. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na halihusiani na programu.

Chukua mchoro wa mama anayetwanga. Kwenye penseli, mgongo wake una mistari mitatu iliyopishana kidogo, kwa sababu ulikuwa unautafuta mkunjo. Jicho la mtazamaji linaisoma yote mitatu kwa pamoja na linaona mwendo. Ukija na wino unapaswa kuchagua mmoja, na karibu kila mtu huchagua wa katikati, kwa usalama. Wa katikati ndio uliolegea kuliko yote. Mstari wa nje, ule uliouchora mwanzoni kabla hujaanza kuhofia, ndio unaoonyesha kwamba mwili wote umekwenda juu na mchi. Chagua huo. Uvute mara moja, kuanzia bega mpaka nyonga, na ukikosea futa wote uvute upya. Usiunge vipande vidogo vidogo.

Halafu tazama unene. Ukitumia brashi ya unene mmoja kila mahali, mchi, kinu, kidole na pindo la khanga vyote vinapiga kelele kwa sauti moja. Nenepesha panapobeba uzito na panapoangukiwa na kivuli: chini ya kinu, chini ya kidevu, upande wa mkono ulio mbali na jua. Kondesha panapopigwa na mwanga, na mahali pengine acha mstari ukatike kabisa. Juu ya bega lenye jua hauhitajiki mstari, jicho litaumalizia.

La mwisho ni umbali. Chora wino ukiwa unaona angalau nusu ya mchoro. Ukivuta karibu sana kila mstari unaonekana mbaya, unaanza kuulainisha, na unalainisha mpaka nguvu inatoka. Geuza picha kushoto kulia kila baada ya muda (kwenye Krita bonyeza M). Sura iliyopinda itajionyesha yenyewe.

14. Je, naweza kumwachia Inkscape ageuze mchoro kuwa vekta mwenyewe?

Kwanza uhakikishe unahitaji vekta. Vekta ni umbo linalohesabiwa, kwa hiyo linakuzwa kutoka kadi ya biashara hadi ubavu wa daladala bila kupata ukungu. Nembo, maandishi na kazi ya rangi chache zinalitaka. Picha ya kitabu yenye brashi laini na vivuli hailitaki.

Trace Bitmap ya Inkscape inafanya vizuri kwa wino mweusi ulioskaniwa safi. Kwa penseli inatoa vipande mamia vyenye kingo za meno. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida haikupi mstari, inakupa umbo lenye kingo mbili, kwa hiyo huwezi kubadilisha unene kwa kubonyeza mara moja. Kwa nembo mimi huchora upya juu ya picha kwa zana ya Bezier, inayochora mikunjo kwa kuunganisha nukta ziitwazo nodi, nikiweka nodi chache kadiri inavyowezekana. Duara linahitaji nodi nne. Ukiona lako lina thelathini, ulilitoa kwenye Trace.

15. Ni vibaya kuacha penseli ionekane kwenye kazi iliyokamilika?

Hapana. Vitabu vingi vya watoto vinapendeza kwa sababu hiyo. Ruka wino kabisa: safisha penseli kwa Levels, iache kwenye Multiply, uibadilishe rangi iwe kahawia iliyoiva badala ya nyeusi, upake rangi chini yake. Ila usichanganye. Ukurasa mmoja wa penseli na mwingine wa wino unaonekana kama kazi ya watu wawili.

## Rangi

16. Nikitumia zana ya ndoo kujaza rangi, inamwagika picha nzima, au inaacha mstari mweupe kandokando ya wino.

Kumwagika kunatokana na upenyo kwenye wino. Mweupe unatokana na kingo za mstari kuwa na pikseli za kijivu ambazo ndoo inazihesabu kama ukuta. Paka rangi kwenye leya iliyo chini ya wino, uiambie ndoo isome leya zote, kisha uongeze upanuzi wa pikseli 2 (Expansion kwenye ibisPaint, Grow kwenye Krita). Rangi itaingia chini ya mstari.

Kama mistari yako inakatika kwa makusudi, kama ilivyoshauriwa kwenye swali la 13, achana na ndoo. Zungushia eneo kwa zana ya Lasso, ujaze. Inaonekana ni kazi, lakini ni haraka kuliko kuwinda matundu. Ngozi leya yake, nguo leya yake. Ukitaka kuongeza kivuli kisitoke nje ya nguo, tengeneza leya juu yake uibane kwa Clipping.

17. Ngozi za watu wangu zinatoka kama majivu au kama tope.

Umeongeza nyeusi ili kupata kivuli na nyeupe ili kupata mwanga. Anza na kahawia ya kati, kisha kwa kivuli sogeza rangi kuelekea wekundu mzito au zambarau, ukiiacha ikiwa imekolea. Kwa mwanga, tazama unatoka wapi. Nje mchana, paji la uso na mabega ya mtu mweusi hubeba ubuluu wa anga, ndani ya taa ya njano hubeba njano. Kwenye ngozi nyeusi sana mwanga huwa mdogo kwa eneo lakini mkali, una kingo zinazoonekana, hasa pembeni ya pua na kwenye mfupa wa shavu. Masikio, midomo ya ndani, viganja na kuzunguka kucha kuna wekundu zaidi.

Na usitumie kahawia moja kwa familia nzima. Ndugu wa tumbo moja wana rangi tatu.

18. Rangi zote ni nzuri, lakini picha ni bapa.

Weka juu kabisa leya iliyojazwa nyeusi, hali yake iwe Color. Picha yote inakuwa ya kijivu. Uso ukiwa na kijivu kilekile cha ukuta ulio nyuma yake, hilo ndilo tatizo, na hakuna rangi itakayoliponya. Tia giza kimoja au angaza kingine, kisha uifiche leya hiyo.

## Kuchapa na wateja

19. Kwenye kioo rangi zinawaka, kwenye karatasi zimefifia.

Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu (RGB). Mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi (CMYK), na wino huo haufikii kijani cha neoni, buluu ya umeme wala waridi kali. Kwenye Krita bonyeza Ctrl+Y uone makadirio ya jinsi itakavyochapwa. Kisha omba nakala moja ya majaribio kabla ya mia tano. Punguza pia mwanga wa kioo unapopaka rangi: anayefanya kazi usiku na kioo kikiwa kimewaka mwisho hupaka picha zenye giza bila kujua.

20. Nataka mchoro wangu uwe tisheti au kanga. Nibadilishe nini?

Kwa tisheti inategemea mtambo. Uchapaji wa kuhamisha kwa joto unapokea rangi zote, kwa hiyo toa PNG isiyo na mandhari, ya ukubwa halisi kwa DPI 300. Uchapaji wa skrini una skrini moja kwa kila rangi, na kila rangi ni pesa. Hapo chora kwa rangi mbili au tatu zilizotengana, bila rangi inayofifia taratibu. Kivuli kipatikane kwa nukta au mistari. Kila rangi iwe na leya yake, na rangi ya chini iingie kidogo chini ya ya juu, maana kitambaa husogea na pengo litaonekana.

Kanga ina mpangilio wake: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji. Upana wake ni kama mita moja na nusu, na hata kwa DPI 150 hiyo ni karibu pikseli 8,900. Ndiyo maana vekta inafaa zaidi. Usichore kanga nzima. Nyingi zina pande zinazoakisiana, kwa hiyo chora robo moja kwa uangalifu, pamoja na kona ya pindo, kisha igeuze kulia na chini. Kona ndiyo inayowashinda wengi. Pindo likiwa na korosho zinazofuatana, lazima uamue korosho ya kona inalala upande gani kabla hujarudia nyingine. Kwa nakshi inayojirudia ndani ya mji, Krita ina hali ya kurudufu kanvasi pande zote, bonyeza W. Jina liandikwe mwisho kabisa, baada ya kuakisi, la sivyo nusu yake itasomeka kinyume. Na soma tahajia mara mbili. Kanga yenye jina lililokosewa hainunuliwi hata kama maua yake ni ya peponi.

21. Mteja nimpe faili gani?

Kwa kuchapa: PDF au TIFF, DPI 300, na kama rangi inafika ukingoni ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Kwa mtandaoni: PNG ikiwa ni mistari na rangi tambarare, JPEG ikiwa ni picha yenye vivuli vingi. Kwa nembo: SVG na PDF. Faili yenye leya, KRA (ya Krita) au PSD (ya Photoshop), ni yako. Inatolewa kwa makubaliano na kwa bei yake.

22. Mteja anabadilisha mawazo baada ya rangi.

Mwonyeshe penseli, na upate neno "sawa" kwa maandishi kabla hujapiga wino. Kubadilisha mkao kwenye penseli ni kifutio, ila baada ya rangi ni kazi mpya. Mwambie hivyo siku ya kwanza, pamoja na idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, na uchukue advansi.

## Yasiyo ya kawaida

23. Programu inakwama, au inakataa kuongeza leya.

Kumbukumbu imejaa. Unganisha leya ambazo hutazigusa tena, funga programu nyingine, na uhifadhi nakala kabla ya kuunganisha. Kwa kazi kubwa kwenye simu, gawa: wino faili moja, mandhari faili nyingine, uziunganishe mwishoni.

24. Kwa nini nisimpe akili mnemba mchoro wangu aumalizie?

Unaweza, na utapata picha inayong'aa. Lakini haimalizii mchoro wako, inauchora upya. Sura inasogea, vidole vinabadilika, jina la kanga linageuka herufi zisizosomeka, na yule mama wa swali la 13 anaweza kurudi ameshika mchi kama ufagio. Kwa kujaribu mchanganyiko wa rangi kabla hujaanza, sioni ubaya. Kwa kazi unayoiuza kwa jina lako, mwambie mteja, na kwa shindano soma masharti kwanza.

Upande wa pili wa swali hili ni kushutumiwa kwamba hukuchora. Weka ushahidi. ibisPaint na Procreate hurekodi hatua za uchoraji, na Krita ina paneli ya Recorder ambayo lazima uiwashe mwenyewe. Tunza na karatasi za penseli, ziandikwe tarehe.

25. Nimechora juu ya picha niliyoikuta mtandaoni. Ni yangu?

Picha ile ina mwenyewe, na kuifuatisha mstari kwa mstari hakukupi umiliki. Kwa mazoezi nyumbani sawa, kwa kuuza hapana. Mpige picha binamu yako amekaa mkao unaoutaka, utumie hiyo. Kazi uliyoibuni mwenyewe ina hakimiliki tangu unapoichora. Usajili ni wa kukusaidia kuthibitisha, na unafanyika COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, na KECOBO kwa Kenya.

26. Nina mchoro wa zamani wa mzee wetu, umekunjwa na una madoa. Unaokoleka?

Mara nyingi ndiyo. Usiupige pasi wala kuufuta kwa kifutio. Ulaze siku kadhaa kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito, kisha uskani kwa rangi, DPI 600. Rangi ni muhimu hapa, maana doa la chai ni la njano na penseli ni ya kijivu, na tofauti hiyo ndiyo inayokusaidia kuvitenganisha. Kwa mbinu ya swali la 10 chagua RGB Red: doa la njano au kahawia linafifia, penseli inabaki. Mkunjo uliokata mstari uzibe kwa mkono, kwenye leya tofauti, kwa zana ya Clone, ukinakili sehemu safi ya karatasi iliyo kando ya mkunjo.

Hifadhi skani ya kwanza bila kuigusa. Familia nyingine zinataka mchoro usafishwe uwe mpya, nyingine zinataka na doa libaki, kwa hiyo waulize kabla hujaanza kufuta.